Fundi, Kibonge na Kocha wa Simuni

Hakuna aliyelijua umbo la Kibonge kama shangazi yake. Tangu binti huyo alipoanza shule, nguo zake zote zilipita mikononi mwa shangazi, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine walikuwa wakicheza. Madukani hapakuwa na sketi ya shule ya kumtosha, basi kila iliyokuwepo ilipoanza kubana, Kibonge alivuka ua hadi chumba cha kushonea, akajifunga kipande cha kitambaa, akaketi huku Fundi akifumua na kuongeza nafasi. Hapo ndipo maneno yalipotoka. Nani kamcheka darasani, nani kamwita pipa. Fundi, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alisikiliza, akaitikia "Wewe! Ehe?", akafungua kopo la biskuti na chupa ya soda, wakala na kucheka mpaka mama mtu akapaza sauti kutoka jikoni, "Nyinyi wawili, wali unapoa!"

Kisha ikaja hiyo programu. Daktari ndiye aliyemwandikisha Kibonge: vijana wenye unene wa kupita kiasi walikutana kwenye simu kila Jumanne jioni, pamoja na kocha, wakajifunza kula vizuri na kuuzoesha mwili mazoezi. Kaka yake, baba wa Kibonge, alipomweleza, Fundi aliangua kicheko.

"Simu imfundishe mtu kula? Simu yenyewe inakula umeme kutwa kucha!"

Hakucheka kwa muda mrefu. Kibonge akaacha soda, akanywa maji. Akaruka kamba uani mpaka vumbi likatimka. Akamwomba mama yake apunguze mafuta kwenye mboga. Yote hayo Fundi angeyameza. Kilichomkwama kooni ni neno moja. Kocha anasema tusiache kula asubuhi. Kocha anasema mtu hapimwi kwa mizani peke yake. Kocha hivi, Kocha vile!

Jioni moja, akipita chini ya dirisha la Kibonge na nguo za mteja mkononi, alimsikia akisema, "Leo wamenicheka tena, Kocha, lakini safari hii sikulia."

Fundi alisimama kama aliyepigiliwa msumari. Wamemcheka leo, na alasiri nzima mtoto kapita mlangoni pake mara mbili bila kumwambia neno! Moyo ulimwungua. Akilini akamchora huyo Kocha: mwembamba kama sindano, kucha za rangi, kicheko cha madaha. Akamchukia bila kumwona.

Siku chache baadaye Kibonge alikuja akishikilia kiuno, uso umemjaa furaha.

"Shangazi, inanipwaya! Hebu nipunguzie."

Fundi alimpima, akachora mstari wa chaki upande wa ndani, akabandika pini. Lakini binti alipoondoka, akaketi mbele ya cherehani, na mkono wake ukaupita mstari. Ulizama ndani zaidi, pande zote mbili. Alijua anachokifanya. Alijiambia ni jambo dogo, mtoto atakata tamaa kidogo tu, atarudi kwenye kiti chake.

Asubuhi sketi ilikataa kufunga. Kibonge alivuta pumzi, akavuta kifungo, wapi! Siku hiyo hakula, na iliyofuata akanywa chai tupu. Siku ya tatu walimrudisha nyumbani kutoka shule akiwa ameshikiliwa na wenzake wawili, kizunguzungu kimemwangusha darasani.

Fundi ndiye aliyemkorogea uji. "Kunywa, mwanangu," alisema.

Kesho yake, alipopata nguvu, Kibonge aliigeuza sketi ndani nje. Kufumua na kusoma mshono alijifunza kwa shangazi yake tangu utotoni. Alivuka ua, akaiweka mezani.

"Shangazi, chaki iko hapa. Uzi uko huku."

"Mashine iliniponyoka."

"Pande zote mbili?"

Fundi akainama. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na safari hii kilikuwa nguoni kwelikweli.

"Zamani ulikuwa unaniambia mimi," alisema hatimaye. "Sasa unamwambia yeye."

"Kwa hiyo ukanibana?" Machozi yalimlenga Kibonge, sauti haikutikisika. "Mimi nilidhani mwili wangu umenisaliti. Kumbe wewe."

"Nisamehe, mwanangu."

Binti aliichukua sketi. Aliketi kwenye cherehani, akaufumua mshono, akaushona upya mwenyewe juu ya chaki, akaenda zake. Wiki zikapita akimpa shangazi yake shikamoo tu, shikamoo ya adabu, baridi kama maji ya mtungi.

Programu ikawaalika watu wa nyumbani kwenye mkutano mmoja wa video. Fundi alijipenyeza nyuma ya wifi yake, shingo kaikunjua amwone adui. Kocha alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye mafua, akipenga kamasi kila baada ya sentensi. Fundi aliona aibu, na bado, Kibonge alipomchekea yule mama, wivu ulimchoma vilevile.

Jioni moja Kibonge alisimama mlangoni na wenzake wawili wa programu, wamevaa viatu vya mazoezi.

"Shangazi, tunakwenda kutembea. Unakuja?"

Fundi aliacha nguo ya mteja chini ya sindano. Alitembea nyuma yao akihema, jasho likimtiririka. Mbele, vijana waliangua kicheko.

"Mnacheka nini?"

"Utani wetu wa kundi, Shangazi. Hutauelewa."

Ulimi ulimwasha. Akaung'ata, akakaza mwendo asiachwe.