Mkeka wa Mbekezeli

Tangu siku ile simu ilipotoka Egoli, kwenye mji wa machimbo ya dhahabu ng'ambo ya mpaka, MaSibindi hakulia. Aliambiwa mwanawe Mbekezeli amefariki, tena amekwisha kuzikwa huko huko. Akashukuru kwa taarifa, akaweka simu, akaenda kusonga sima isije ikaungua. Majirani wa mtaa wa Makokoba wakamsifu kwa ujasiri. Ujasiri haukuwamo. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: unauona, ni wako, lakini ukiufinya huhisi kitu.

Hata matanga hayakukaliwa. Ndabezinhle, mdogo wa marehemu mumewe, alisema mkeka hautandikwi kabla marehemu hajarudi. Kwanza wanaume waende kaburini na tawi la mti wa mwiba, wamwite kijana kwa jina, waje na roho yake nyumbani juu ya tawi hilo. Ndipo mama atakapokaa chini na watu waje kumpa pole. Kipupwe kikapita, kikaja kingine, wanaume hawajaenda. Mkeka wa matete alionunua MaSibindi kwa ajili hiyo ulikaa umekunjwa nyuma ya kabati, panya wakautafuna ukingo, naye akaushona kwa uzi wa buluu.

Jumamosi moja binti yake Sikhangezile, aliyekuwa akiigiza na kikundi cha vijana, alimwomba aje kumtazama. Mchezo unahusu nini? Binti akajibu ni mambo ya nyumbani tu. Jibu hilo likamtia MaSibindi wasiwasi, maana mambo ya nyumbani hayaanikwi. Akaenda, lakini hakwenda peke yake. Alimchukua jirani yake MaMoyo.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kidogo nyuma ya maktaba. Jukwaa lilikuwa sakafu ile ile, mbele ya magoti ya watu. MaMoyo, aliyezoea michezo yenye ngoma na vichekesho, aliuliza kama wacheza ngoma wamechelewa. Hapakuwa na ngoma. Alikuwapo Sikhangezile peke yake, amejifunga kilemba cha mtu mzima, anaosha sahani.

"Anaosha sahani ile ile tangu tukae," MaMoyo akanong'ona. "Angekuwa mkwe wangu, ningemrudisha kwao."

MaSibindi hakucheka. Alimwona binti akipanga sahani tatu mezani, akatulia, akairudisha moja kabatini. Simu ikalia. Binti akasikiliza, akashukuru, akaiweka, akaenda kukoroga chungu. MaSibindi akatupa macho huku na huku aone nani anamtazama. Hakuna aliyemtazama. Akangoja hasira, haikuja. Akangoja uchungu, nao haukuja. Aliona tu kwamba kilemba kimefungwa vibaya upande wa kushoto.

Kisha Sikhangezile akaenda nyuma ya pazia, akarudi na mkeka, akautandika kando ya ukuta. Ukingoni palikuwa na uzi wa buluu.

Mkeka wa Mbekezeli, umetandikwa mbele ya wageni, chini ya taa, kabla ya siku yake. MaSibindi alijua imempasa asimame amzuie mtoto. Ndabezinhle akisikia, patakuwa na kesi. Lakini hakusimama. Binti alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha, mgongo ukutani, macho chini. Hakuna mwigizaji mwingine aliyekuja. Mfiwa yuko chini, na watu wako juu ya viti, mikoba mapajani.

MaSibindi akavua viatu. Akashuka kitini, akaenda kwa magoti hadi ukingoni mwa mkeka.

"Hakijatokea kisichowahi kutokea, mwanangu," akasema taratibu, kama mfiwa anavyopewa pole kwao.

Sikhangezile aliinua macho. Katika mchezo wao hakuna mtu aliyepaswa kuja mpaka taa izimwe.

"Asante, mama. Keti nasi."

Nyuma MaMoyo aliguna. "Mimi nitabakije huku juu kama chifu?" akasema, akashuka kwa kuugulia magoti. Akafuata mzee mmoja na mkewe, na wengine wakongwe. Vijana walibaki vitini, hawajui ni mchezo au si mchezo. Taa ikachelewa kuzimwa.

Nje, Sikhangezile alitoka na mkeka kwapani, akingoja kukemewa. Hakukemewa. Wakaanza safari ya nyumbani, MaMoyo akiwafuata nyuma taratibu.

"Ningekuomba ungekataa, mama."

"Ningekataa."

Walitembea kidogo. Binti akasema baba mdogo atauliza nani ametoa ruhusa.

"Na aulize," MaSibindi akasema. "Tawi lake hilo, siku akilileta, atatukuta tumekaa."

Walipofika, MaSibindi alisogeza meza, akautandika mkeka kando ya ukuta, akakaa, akanyoosha miguu. Sikhangezile akaufungua mlango, akauacha wazi, kama unavyoachwa kwenye nyumba ya msiba. MaSibindi akangoja machozi, kama mtu anayefungua bomba siku ambayo si zamu ya mtaa wake kupata maji. Hayakuja. Lakini mgongo wake ulikuwa umeegemea ukuta, na ukuta aliuhisi, ulikuwa wa baridi.

Mlangoni MaMoyo alikuwa ameinama, anavua viatu, akiyalalamikia magoti yake kwa mara ya pili siku hiyo.