Akina mama wa Mbumbuni walipogoma kucheza

Wiki jana nilikuwa kwenye mkutano Mbumbuni. Mgeni rasmi alitaja neno "platform" mpaka likanichosha: simu ni platform, kikundi ni platform, hata soko letu ni platform. Kisha akagonga mbao za jukwaa kwa kiatu akasema, "Na hii hapa leo ni platform ya akina mama."

Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama akapanda, akapewa maikrofoni. "Asante mheshimiwa. Pampu ya kisima chetu iliharibika kitambo. Itatengenezwa lini?"

MC akamnyang'anya maikrofoni huku anatabasamu. "Mama, hiyo tutaongea baadaye. Tuchezeeni kidogo, wageni wako na haraka."

Wageni wakaanza kupiga makofi. Akina mama, waliokuja na leso za rangi moja na filimbi shingoni, wakakaa tu, mikono mapajani.

Hasira ilinipanda. Mtu anaitwa juu ili aonekane, akifungua mdomo ananyamazishwa, na sisi tunaita hiyo heshima.

Makofi yakafifia. Mgeni rasmi akakohoa, akafungua chupa yake ya maji, akanywa yote. Sisi wa huku chini tulikuwa tunamtazama.