Ndege Asiyetua Mtini

Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, katika kambi ya wafanyakazi wa reli huko Elisabethville, niliishi kwa jambo moja tu: kwenda Kasenga kujifungulia kwa mama yangu. Mume wangu alikuwa amekubali. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, na mama yake alivijaza vyote viwili.

Jumamosi moja mume wangu alirudi na ndege aliyemnunua pembeni ya kambi, kwenye uwanda wa majani yaliyochomwa. Alikuwa amekwisha kunyonyolewa, hana kichwa. Kwale huyo, akasema, kwa uhakika wa mwanamume asiyepika. Nikampika, nikala, na Mungu anisamehe, alikuwa mtamu.

Miguu niliiacha kando ya mbabula, jiko letu la makaa, niikwangue baadaye. Mama mkwe akaiokota, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Ilikuwa mirefu mno kwa kwale, na alipoisugua masizi ikatokea nyekundu. Kisha akavitanua vidole.

"Angalia, vidole iko tatu tu. Ya nyuma hakuna. Njo ile ndeke ya kukimbia."

Kwao kila mtu alimjua ndege huyo wa kukimbia: ni wa uwanda, hutaga kwenye udongo mtupu, na kwa kuwa hana kidole cha kushikia tawi, hatui mtini kamwe. Mjamzito akimla, mimba haishiki, isipokuwa akae ndani ya nyumba ya mumewe mpaka azae. Nilimtazama mume wangu aseme neno. Akatazama sahani yake.

Lori la Kasenga likaondoka bila mimi. Mlango ulikuwa wazi kutwa, majirani wakipita na ndoo zao, nami nimeketi ndani kama kuku anayeatamia. Nilikuwa na hasira. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuweza kumwita mwongo: vidole vilikuwa vitatu kweli.

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe alimwosha mwenyewe, akamlaza kifuani pangu. Kisha akaketi kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza polepole:

"Mwana, kama tulikuacha unaenda kwa mama yako, ulikuwa ya kurudia huku?"

Nilikuwa nimechoka mno kudanganya.

"Hapana, mama."

"Nilijuaka," akasema, akainuka kwenda kunipikia uji.