Kigeugeu na Jirani Yake

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa ubishi hana mpinzani. Ukimwambia suruali imekubana, atakuambia umenenepa wewe. Basi mwanamke huyohuyo, tangu afiwe na mumewe, kila jioni giza likishaingia alipanda juu ya paa kutazama nyota ya marehemu.

Mumewe alikuwa fundi saa, na nyota ndizo zilikuwa wazimu wake. Moja aliiita Kigeugeu, maana mwanga wake hupanda na kushuka, na ikishuka sana hata darubini yake haiioni. Ubavuni pake kabisa ipo nyingine isiyobadilika, aliyoiita Jirani. Yeye alikuwa akikadiria mwanga wa Kigeugeu na kukipelekea chama cha watazama nyota makadirio hayo. Alimfundisha mkewe hivi: "Usiikodolee macho, mke wangu. Kitu hafifu kitazame kwa pembeni."

Alipozikwa, Shangazi akaendelea kukipelekea chama makadirio, na akaanza kumwona mumewe. Akiwa ameinamia sindano, pembeni mwa jicho mumewe kasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Akigeuka, hayupo. Nikamwambia akapime macho.

"Macho yangu mazima! Kigeugeu naiona kila siku, nishindwe kumwona mume wangu?"

Ndipo katibu wa chama akapiga simu. "Samahani mama, lakini tangu mzee afariki, nyota yako haijabadilika hata kidogo."

Shangazi akasonya, akakata simu. Giza lilipoingia akanishika mkono. "Twende ukaniangalizie," akasema. "Kama nimekosea nyota, basi hata yule wa mlangoni ni macho tu."

Lo, nani alinituma kukubali! Kwenye darubini, pembeni ya nyota tatu, niliona moja tu pale zilipopaswa kuwa mbili. Nikakunjua ramani ya marehemu: nyota tatu zimejipanga kama vifungo vya shati, Jirani kwenye mstari huohuo, Kigeugeu kushoto kidogo, nje ya mstari. Hiyo moja niliyoiona ilikuwa mstarini.

"Si ndiyo?"

Nilitamani kudanganya. Lakini huyu aliwahi kufumua gauni zima la harusi kwa sababu ya mshono mmoja.

"Huyu ni Jirani, Shangazi. Kigeugeu imefifia, haionekani. Siku zote umekuwa ukimtazama Jirani."

Hakubisha. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Tangu jioni ile, mlangoni hakumwona tena mtu. "Kigeugeu ikirudi, naye atarudi," alishikilia, na akaendelea kupanda paani, akitazama pale kushoto penye giza tupu.

Miezi ikapita. Jioni moja akaniita kwa kelele. Nikaweka jicho: mbili! Ile ya kushoto ilikuwa hafifu, lakini ipo. Nikapiga vigelegele kama mwendawazimu.

"Shangazi, safari hii umeipata yenyewe!"

"Nimeipata," akasema, tayari anashuka ngazi.

Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akainamia sindano, akangoja. Nami nilisimama kando, sithubutu hata kukohoa. Uzi haukusogea. Mlango ulikuwa mlango tu.

"Sasa naona sawasawa," akasema, machozi yakidondokea kitambaa cha mteja. "Simwoni."