Komba Walipolia

Asubuhi, katika chumba cha kufulia cha jengo letu hapa ughaibuni, Silver Spring, jirani yangu, binti wa Kikongo aliyejifungua juzijuzi, aliangusha kanga nikamwokotea. Ilikuwa na madoa ya maziwa yaliyoanza kuchacha.

"Pardon, mama," alisema kwa haya. "Mtoto analia sana."

Nilikuwa nimeshaipeleka puani.

Nilipokuwa mtoto kule nyumbani, nyumba yetu ilipakana na msitu. Giza likianza kuingia, komba, wale wanyama wadogo wenye macho makubwa wanaolala mchana kutwa, walitoka kwenye mashimo ya miti wakaanza kulia. Komba hulia kama mtoto mchanga hasa. Tulikuwa tumemzika mdogo wangu kabla hajaota jino, na kila komba alipolia, kanga ya mama ililowa maziwa kifuani.

"Mama watoto, ni komba tu," baba alimwambia.

"Kwani mimi nimesema ni nani?"

Mama akatoka hivyo hivyo mpaka ukingoni mwa msitu, akasimama hadi kilio kikome. Akirudi, nililala ubavuni mwake, pua yangu kwenye kanga ile.

Kisha wakaja wachoma mkaa. Miti ikaanguka, mashimo yake na vyote vilivyokuwamo, tukashinda tukikohoa moshi. Walipoondoka, jioni iliingia kimya. Mama alitoka vilevile, akasimama mbele ya visiki akisikiliza. Nilimfuata, nikamkumbatia.

Kanga ilikuwa kavu, inanuka moshi tu.