Jante za Kutoka Nje

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si mjomba wa rafiki yangu. Sikuwa nimelewa, na jua lilikuwa utosini. Wanaonijua hapa Uvira wanajua kwamba juu ya magari sisemi uongo. Juu ya mambo mengine, labda.

Ilikuwa wakati wa uasi, miaka michache baada ya uhuru. Waasi walikuwa wameshika mji, na kila gari lililoweza kutembea walikuwa wamelichukua. Langu hawakuligusa, kwa sababu halikuwa na magurudumu. Kalikuwa kagari ka mbio, ka viti viwili, kekundu, kafupi, kasiko na paa. Mzungu mmoja wa kampuni ya pamba, ambaye nilikuwa fundi wake, aliniachia alipokimbia. Wezi wakabeba magurudumu yote, likabaki limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba yangu, mtaa wa Nyamianda. Nilikuwa natoka nje kulitazama tu. Mnacheka? Nililipenda.

Mke wangu, Furaha, alikuwa amekwenda kujifungulia kwa mama yake, kijijini Nyakabere, kama desturi ya mtoto wa kwanza. Asubuhi moja jirani wa huko akafika kwa miguu, anahema. Mtoto amelala vibaya tumboni, mkunga amekata tamaa, ni lazima Furaha aletwe hospitali ya Uvira siku hiyo hiyo. Aletwe kwa gari gani? Nikakimbilia nyuma ya nyumba, kwenye kagari kangu.

Katika vyuma vyangu nilikuwa na aina mbili za jante, yaani kile chuma cha gurudumu kinachobeba mpira. Zote zilikuwa na matundu manne yanayokubali gari langu. Aina ya kwanza ni za inchi kumi na tatu, nyembamba, kama zile za kiwandani. Ukizifunga, magurudumu yanaingia vizuri ndani ya mbawa, yale mabati yanayoyafunika. Aina ya pili ni za inchi kumi na nne, pana, na mahali pa kufungia bulo, yaani skrubu za gurudumu, pamesukumwa ndani sana, kiasi kwamba gurudumu lote linatoka nje na gari linasimama limetanua miguu. Fundi yeyote mwenye akili angechukua zile za kwanza. Mimi nilikuwa fundi mwenye akili, nikazichukua.

Nilikuwa nimeshafunga moja nilipoona mtu amesimama nyuma yangu. Alikuwa mtu mzima, kofia ya shofa, yaani dereva, kichwani, nguo zimelowa chapachapa, na kiatu mguu mmoja tu. Siku zile mtu aliyelowa hakumshtua yeyote. Watu walikuwa wanavuka mto Ruzizi kila siku, wengine wanakimbilia Burundi, wengine wanarudi, na wote walifika hivyo hivyo. Nikasema moyoni, huyu naye amevuka. Sikujiuliza Ruzizi iko mbali kiasi gani na Nyamianda, wala jua lile lilishindwaje kumkausha njiani. Maji yalikuwa yanamdondoka mfululizo, na vumbi chini yake lilikuwa kavu. Niliona hilo, niamini, nikaliacha lipite. Nani angeuliza habari za vumbi, mke wake akiwa katika hali ile?

Nikamkaribisha kama mgeni. Nikamwita papa, yaani baba, nikamwambia akae, nimletee maji ya kunywa. Akacheka kidogo.

"Minye mayi nilishakunywa ya kutosha," akasema. Kisha akaonyesha jante niliyofunga. "Hiyo toa. Weye unapima na gari. Upime na njia."

Nikamweleza, kwa upole wa mtu mwenye haraka, kwamba zile pana zitasugua mbawa, zitafanya usukani uwe mzito, na gari litaharibika sura. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mbele ya kufika Nyakabere, daraja haina tena mbao," akasema. "Iko miti mbili tu, ilipangwa kwa kamyo ya kubeba mizigo. Na hizi za kuingia ndani utaanguka mu katikati, weye na bibi yako."

Nani alimwambia habari za mke wangu? Nikainama kulegeza bulo, na nilipoinua kichwa hayupo. Sikumtafuta. Nikafunga zile pana. Zilisugua, kama nilivyosema, basi nikachukua nyundo nikazikunja mbawa za kagari kangu kwa mikono yangu mwenyewe. Iliniuma sana. Nikamimina petroli niliyokuwa nimeificha, nikaondoka.

Vijana wa waasi kwenye kizuizi cha barabarani walipoona gari lile wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakaniuliza nakwenda wapi na chura. Nikawaambia nakwenda kumchukua mke anayejifungua. Wakaniacha nipite. Walisema gari la sura ile hawalitaki.

Darajani nikakuta ni kweli. Mbao zote zimeng'olewa, imebaki miti miwili mikubwa iliyochongwa bapa, imelazwa kwa upana wa magurudumu ya kamyo, na chini mto umejaa maji ya milimani. Nikashuka, nikapima kwa kamba. Magurudumu yangu yalifika kwenye ukingo wa ndani wa kila mti, yanatosha, bila ziada. Zile nyembamba zingekuwa hewani. Nikarudi garini, nikavuka.

Nilipofika Nyakabere, baba mkwe akaniuliza nimepitaje. Nilipomsimulia, akaacha blanketi alilokuwa anakunja, akakaa chini. Akasema ile miti ililazwa na shofa mmoja wa kamyo, ili avushe watu waliokuwa wanakimbia. Kamyo ikavuka salama. Yeye akarudi kuunyoosha mti mmoja, akateleza. Walimtoa mtoni, wakamzika pale ukingoni akiwa na kiatu kimoja, kwa kuwa kingine kilikwenda na maji.

Nilitaka kukimbia, lakini kukimbilia wapi? Furaha alikuwa analia kwa uchungu. Tukamlaza kwenye kiti, nikaendesha polepole. Tulipofika darajani, kivuli cha milima kilikuwa kimeshatufunika, na gurudumu la upande wake sikuliona. Nikasimama.

Furaha akafungua macho. "Mbona unasimama? Ule papa anakuita."

"Papa gani?"

"Uyu wa mbele. Anaonyesha na mukono. Anasema kushoto kidogo."

Mimi niliona miti miwili na maji, basi. Lakini nilikata kushoto kidogo. Akasema nyoosha, nikanyoosha. Akasema usiogope, nikaogopa hivyo hivyo, na tukavuka. Upande wa pili nikamwuliza kama mtu yule alikuwa amelowa. Akanishangaa. Akasema alikuwa mkavu, na viatu vyake viwili, na alikuwa anatabasamu.

Mtoto alizaliwa Uvira jioni ile, msichana, mzima, na mama yake mzima. Nililia mbele ya wauguzi bila aibu, kwa furaha tupu.

Gari lile nimeliendesha miaka mingi, na jante zile zile. Daraja lilijengwa upya, sasa ni la saruji. Kila tukipita pale napiga honi, na mke wangu, mvi kichwani, anapunga mkono upande wa mto kama anayemjibu mtu. Simwulizi kitu. Tumeishi vizuri hivyo.

Basi ninyi vijana mnaoniletea magari yenu ya mbio, mkitaka jante za inchi hii na ile ili watu wageuke, nendeni kwanza mkaione njia mtakayopita. Na siku ukifika pale darajani, mtu wa kando yako akakuambia kushoto kidogo, usigeuke kumwuliza amemwona nani. Kata kushoto.