Bei ya Cherehani ya Ulamila

Shangazi Ulamila alishona mikono ya mashati kwa miaka kumi na tisa. Mikono tu, si shati zima. Kiwandani kila mwanamke alikuwa na kipande chake, huyu kola, yule mfuko, yeye mkono wa kushoto na wa kulia, na mashati yenyewe yalikwenda kuvaliwa Auckland na Sydney na watu ambao hakuwahi kuwaona. Kiwanda kilipofungwa, mwenye mali alisema hana pesa za mshahara wa mwisho, kila mmoja achukue mashine. Shangazi alichukua ileile aliyokuwa akiikalia, cherehani ya umeme yenye meza ya chuma, nzito kiasi cha kuhitaji wanaume wawili.

Tangu hapo alishonea sebuleni kwetu, mtaa wa Nabua mjini Suva, dirisha likiwa wazi hata mvua inaponyesha na kuingia ndani, kwa sababu alitaka mwanga. Alishona magauni ya kwaya, nguo za harusi, mapazia ya kanisa. Karibu nusu ya alichoshona hakulipwa. Kwetu ndugu akija akasema kerekere, yaani nakuomba, humwambii hapana. Kusema hapana ni aibu inayokufuata mpaka kijijini, na huko inafika kabla wewe hujashuka kwenye meli. Basi walikuja na vitambaa na hilo neno moja, wakaondoka na magauni.

Aliyekuwa mkarimu kuliko wote kwa mali ya Shangazi ni baba yangu, Inoke, kaka yake. Baba si mtu mbaya. Hawezi kuvumilia kumwona mgeni akitoka nyumbani mikono mitupu, na yeye mwenyewe hana kitu. Kwa hiyo alitoa pasi ya Shangazi. Alitoa sufuria kubwa ambalo Shangazi alirithi kwa mama yao. Alitoa mkeka uliomchukua Shangazi miezi minne kuufuma, akampa mtu aliyekuja kuuliza njia ya kwenda hospitali.

Na Shangazi hakuweza kumfokea, kwa sababu hawasemeshani. Hawakugombana. Kaka na dada wa kwetu wakishakua hawaongei ana kwa ana, ndiyo heshima yao, na mtu wa tatu huwapelekea maneno. Katika nyumba yetu mtu wa tatu ni mimi. Tangu nina miaka mitano nimekuwa mdomo wao, hata wakiwa wamekaa chumba kimoja, hatua tatu kutoka huyu mpaka yule. Shangazi akisema, "Mwambie baba yako pasi yangu haina miguu," mimi nilisema, "Baba, Shangazi anaulizia pasi." Nilifikiri huo ndio upole. Nilisoma chuo kikuu, nikaajiriwa maktaba, na nyumbani niliendelea na kazi ileile ya kuchukua maneno makali upande huu na kuyafikisha upande ule yakiwa yamepoa.

Mwaka huu, Januari, shule moja ya jirani ilimpa Shangazi kazi ya kushona sare arobaini, kwa sharti moja, pindo za ndani zizungushiwe ovaloki ili zisifumuke. Fundi mmoja aliyekuwa akihamia Australia alikuwa na mashine nzuri ya ovaloki na cherehani ndogo ya kawaida, akaziuza pamoja kwa dola mia nne na hamsini. Alimwekea Shangazi mpaka Jumamosi. Shangazi aliamua kuuza mashine ya kiwandani kwa bei hiyohiyo, na aliamua kuiuza kwenye simu, kwenye ule ukurasa ambao watu wa mjini wanauziana vitu vilivyotumika.

"Huko sina ndugu," aliniambia. "Huko mtu ananunua au hanunui. Usiweke jina langu, wala kijiji. Mahali pa sura yangu weka picha ya ua jekundu."

Niliweka picha ya ua. Nikaandika mashine ilivyo, mota inafanya kazi, mkanda mpya, bei mia nne na hamsini. Kabla sijaiweka simu chini jumbe zilianza kuingia. Bado ipo? Bei ya mwisho? Maongezi yapo? Mmoja alisema ana mia, yuko njiani. Mwingine alitoa magimbi gunia moja na jogoo. Mwanamke mmoja alisema ni kwa ajili ya kikundi cha akina mama wa kanisa, Mungu atatulipa. Mwingine aliandika maneno mawili tu, kerekere dada, akaweka picha ya mtoto mchanga ambaye nina shaka kama ni wake.

Nilimsomea Shangazi zote. Alikuwa akitoboa matundu ya vifungo na hakuinua macho.

"Huyo wa mia mwambie akashone kwa meno."

Niliandika, samahani, bei ni mia nne na hamsini.

"Wa kanisa mwambie Mungu akilipa nitampa risiti."

Niliandika, samahani mama, haiwezekani kwa sasa.

Jumatano akaandika mwanamume anayeitwa Waisale. Aliuliza bei ya mwisho, nikamjibu. Aliuliza mota, nikamjibu. Halafu akauliza, ninyi ni watu wa wapi?

Nilijua sikutakiwa kujibu. Lakini nimelelewa katika nyumba ambayo swali hilo halikai bila jibu. Kumnyamazia mtu anayekuuliza kwenu ni sawa na kumfungia mlango usoni. Nikaandika jina la kijiji chetu, na kisiwa.

Alijibu kwa kicheko kirefu. Yeye alitoka bondeni, juu ya mto, na watu wa bonde lile na watu wa kijiji chetu ni watani tangu mababu. Basi hiyo mashine ni yangu, akaandika, nakuja kesho saa nne. Mtani kwetu anaweza kukutukana mbele ya mchungaji, akachukua kuku uani na shati kwenye kamba, na wewe unatakiwa ucheke. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe.

Nilimwambia Shangazi kwamba kuna mnunuzi anakuja kesho na bei anaijua. Sikumwambia mengine.

Waisale alianza kelele akiwa bado getini. Alikuwa mnene, mchangamfu, ana gari dogo la mizigo. "Mko wapi, enyi wala samaki wabichi? Tokeni, bwana wenu amefika. Nani aliwafundisha ninyi kuwasha moto kama si sisi?"

Majirani walitoka kwenye vibaraza kusikiliza. Baba alitoka akikimbia, uso umemng'aa, akamkumbatia. Alimwambia watu wa bondeni bado wanaoga na nguruwe, naona wewe leo nguruwe amekutangulia. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Shangazi alibaki amesimama karibu na mashine. Alinitazama mara moja, nikatazama sakafu.

Waisale alikaa mkekani, akanywa vikombe viwili vya chai, akala mkate wote uliokuwapo. Kila tonge aliongeza neno. "Mtani wangu, kumbe wewe ndiye unaringa kwenye simu? Nilidhani ni msichana. Sura hii umeificha nyuma ya ua, umefanya vizuri." Shangazi alitabasamu, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, na niliona mshipa umesimama shingoni mwake.

Kisha Waisale akatoa noti, jumla yake dola mia, akaziweka chini ya kikombe. "Hiyo ya sukari," alisema. "Mashine ni ya mtani. Binti yangu anajifunza kushona."

"Bei ni mia nne na hamsini," alisema Shangazi.

"Bei ni ya watu. Mimi si mtu, mimi ni mtani wako."

Baba akacheka kwa sauti kubwa kuliko sote, akasimama, akakunja mikono ya shati. "Njoo, bwana, shika upande huo. Ni nzito hii, isikuvunje kiuno." Wakaiinua.

Hapo Shangazi alikwenda mlangoni. Hakwenda haraka. Alikaa kwenye kizingiti, mgongo kwenye mwimo mmoja, akanyoosha miguu mpaka nyayo zikagusa mwimo wa pili, akaishusha sulu yake, kile kitambaa cha kujifunga kiunoni, vizuri mpaka kwenye vifundo.

Hakuna mwanamume wa kwetu atakayeiruka miguu ya dada yake. Mgeni naye hairuki miguu ya mwenye nyumba. Walisimama katikati ya sebule, mashine mikononi mwao, na nyumba yetu ina mlango mmoja.

"Kelera," Shangazi aliniita.

"Naam, Shangazi."

"Mwambie baba yako pasi aliitoa, hakuniuliza. Sufuria la mama alilitoa, hakuniuliza. Mkeka wangu alimpa mtu asiyemjua jina. Mwambie kila anayetoka humu na kitu anamsifu Inoke, mtu mkarimu. Aniambie huo ukarimu wake ameushona nani."

Baba alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alisikia kila neno, kama majirani walivyosikia. Lakini alinitazama mimi, akasubiri.

Nilifungua mdomo. "Baba, Shangazi anaomba..."

"Sikuomba," alisema Shangazi. "Anza upya."

Nilianza upya. Nilisema pasi, nikasema sufuria, nikasema mkeka na mtu asiyejulikana jina. Nilisema, "Anauliza ukarimu wako ameushona nani." Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyoizoea. Baba alikuwa hajawahi kuyasikia maneno hayo kutoka kinywani mwangu, na jasho lilikuwa likimtoka kwenye nyusi bila mkono wa kulifuta.

"Mwambie shangazi yako anatuaibisha mbele ya mgeni," alisema.

"Mwambie kwamba mgeni alikuja kununua," alisema Shangazi. " Akitaka kumpa mtani wake kitu, ana shati alilovaa."

Nilimwambia.

Waisale alijaribu kucheka. "Mtani, mikono inakufa ganzi huku. Basi mia mbili."

"Mia nne na hamsini."

"Mia tatu, na nguruwe mdogo."

"Mia nne na hamsini. Chai nimekusamehe."

"Lakini wewe umekasirika kweli," alisema Waisale, na sauti ya utani ilikuwa imemwisha. "Mtani hakasiriki."

"Nimekasirika tangu mwaka kiwanda kilipofungwa. Wewe umekuta tu."

Baba ndiye aliyeshusha kwanza. Upande wake uligonga sakafu, Waisale akafuata. Walipoisukuma mashine mahali pake, Shangazi aliikunja miguu, akainuka, akazichukua noti chini ya kikombe, akazikunja na kumtilia Waisale mfukoni mwa shati kwa mkono wake mwenyewe. Alimpigapiga mfuko kama anavyofanya kwa mteja anayejaribu nguo.

Getini Waisale aligeuka. "Sijawahi kukataliwa na mtani," alisema.

"Umekataliwa na fundi," Shangazi alimjibu.

Baba alimsindikiza mpaka barabarani, hakurudi mpaka jioni. Shangazi alikaa mbele ya mashine.

"Nani alimwambia kijiji?"

"Mimi. Aliuliza."

"Wewe na baba yako," alisema, na maneno hayo hayakuwa na wa kuyapoza.

Akaichukua simu mkononi mwangu. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, herufi kubwa zote. MIA NNE HAMSINI. HAIPUNGUI. USIULIZE KWETU NI WAPI.

Ijumaa mchana alikuja fundi kutoka Nausori, Mama Shakuntla, miwani imefungwa kamba shingoni. Hakunywa chai. Alivua kifuniko, akapitisha uzi wake mwenyewe, akakanyaga, akasikiliza. Alisema mkanda unateleza. Shangazi akasema unateleza mguu wako. Alisema rangi imebabuka. Shangazi akamuuliza kama anashona kwa rangi. Mama Shakuntla akasema mia nne, Shangazi akaanza kuirudishia mashine kifuniko. Waligombana nusu saa kuhusu mashine, mashine tu, na Shangazi alikuwa na uso ambao sikuwa nimemwona nao tangu nikiwa mdogo. Mwishoni Mama Shakuntla alihesabu mia nne na hamsini huku akilalamika kwamba ameibiwa, na Shangazi akamwongezea kopo la sindano bila kuombwa.

Jumamosi ovaloki ilifika, na cherehani ndogo. Jumatatu jioni Shangazi alikuwa amefika sare ya sita. Baba aliingia, akavua viatu, akakaa upande wake wa sebule. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutuma neno tangu Alhamisi.

"Mwambie shangazi yako kijijini wamesikia," alisema.

Shangazi alikata uzi kwa meno. "Mwulize kama wamesikia na bei."

Nilimgeukia Baba. "Anauliza kama wamesikia na bei," nilisema, vilevile, na nikasubiri ajibu.